Mguu Ukiharibika, Nani Aamue?

Natuchukue mfano wa mama mkulima wa Nyangoto, huko Tarime, kijiji kilicho jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara uliofunguliwa mwaka 2002. Mama huyo ana kisukari. Akanyaga jiwe lenye ncha, asihisi lolote, kwa kuwa ugonjwa umekwisha kuua fahamu za nyayo zake. Kidonda chaoza kimya kimya. Mganga amfunga kitambaa na kumwambia arudi baada ya mwezi. Kabla mwezi haujaisha, mguu wakatwa. Je, mganga huyo alikosa, ama mguu ulikuwa umekwisha kupotea kabla hajauona?

Swali hilo si la kujibiwa na kila mtu. Lamhitaji mtu aliyekwisha kuishika miguu ya namna hiyo kwa mikono yake, ajuaye kupapasa mapigo ya damu kifundoni na kutambua kidonda cha kusubiri na kidonda kisichongoja hata kesho. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Sheria tunazo. Sheria ya mwaka 2017 yalipa Baraza la Madaktari Tanganyika mamlaka ya kuandikisha madaktari, kuchunguza malalamiko na kumwadhibu aliyekosa, hata kumfuta katika daftari. Wauguzi na wakunga nao wana Baraza lao kwa sheria ya mwaka 2010. Lakini sheria ni karatasi. Watu ndio wanaokaa na kuamua. Tukiwakosa watu wanaofaa, haki itakosekana ingawa sheria ipo.

Tutazame wenzetu wa Uingereza. Huko waganga wa miguu ni taaluma yenye daftari lake tangu sheria ya mwaka 1960, na asiyeandikishwa haruhusiwi kujiita kwa jina hilo. Mmoja wao akishtakiwa, kesi yake husikilizwa na jopo ambalo ndani yake yumo mganga wa miguu mwenzake na yumo raia asiye wa taaluma hiyo. Wajumbe hutafutwa kwa tangazo la wazi, hufundishwa kupima ushahidi, hulipwa posho ya siku, na mwenye udugu au uhasama na mshtakiwa hujitoa. Mtaalamu yupo ili kazi ipimwe kwa kipimo cha kazi. Raia yupo ili kesi ya ngedere isiamuliwe na nyani peke yake.

Hapa kwetu kazi ya kutunza miguu imebebwa zaidi na madaktari na wauguzi waliojifunza juu ya kazi zao nyingine. Mwaka 2004 Dr Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianzisha mpango ulioitwa Step by Step, wakafundisha madaktari na wauguzi wa mikoa mbalimbali kuokoa miguu ya wagonjwa wa kisukari. Basi wajuzi wapo. Twasema waitwe. Linapoletwa shauri la mguu, asikosekane kitini mtu aujuaye mguu.

Twajua watakavyojibu. Mmoja atasema kazi ni nyingi. Mwingine ataona haya kumhukumu mwenzake. Ndugu zetu, kumwacha mzembe aendelee si urafiki, ni kuichafua kazi nzima. Na mganga mwema aliyesingiziwa, nani atamtetea ikiwa kitini hapana anayeijua kazi yake?

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, nafasi za kamati za uchunguzi zitangazwe hadi hospitali za wilaya, si kunong'onwa mijini. Pili, mtabibu wa Tarime au Serengeti atakayeitwa apewe nauli, posho na ruhusa ya mwajiri wake, ili utumishi huu usiwe wa wenye nafasi tu. Tatu, raia watakaokaa pamoja naye watoke pia vijijini, mahali ambapo watu hutembea kwa miguu kwenda shamba, kisimani na zahanati.

Mama wa Nyangoto hadai upendeleo. Adai asikilizwe na watu wanaojua mguu ni nini, na wanaojua maisha ya mtu aliyeukosa. Mabaraza yatangaze, wajuzi wajitokeze.