Vidonge vya Kupunguza Unene: Kwa Nini Huhitaji Cheti cha Daktari?

Isongole ni mji mdogo wa wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Uko mpakani; ng'ambo yake ni Chitipa, nchini Malawi. Katika miji ya namna hii bidhaa hupita kila siku, na mnunuzi huchukua kile alichonacho mchuuzi. Akiuziwa sufuria mbovu, hasara yake ni fedha tu. Akiuziwa dawa mbovu, hasara yaweza kuwa uhai wake. Makala hii yaeleza dawa za aina moja ambazo wengi huzitafuta pasipo kuzijua: vidonge vya kupunguza unene.

Haja ya dawa hizi si ya mzaha. Utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba, katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Unene uliokithiri huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kipimo chake ni rahisi: chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa kipeo cha pili cha kimo kwa meta. Mwenye kilo 90 na kimo cha meta 1.60 hupata 35. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 unene umekithiri, na hapo ndipo kwa kawaida daktari huanza kufikiria dawa.

Yafaa ieleweke kwamba hakuna kidonge kiyeyushacho mafuta mwilini kama jua liyeyushavyo samli. Kila kidonge hugusa sehemu fulani ya mwili, na hatari yake huanzia hapo hapo. Tutazame mifano mitatu.

Wa kwanza hugusa chembe hai zenyewe. Dinitrofenoli, iliyoanza kutumiwa Marekani mwaka 1933, huzifanya chembe ziunguze chakula na kupoteza nguvu yake kama joto, mfano wa injini ya lori ingurumayo bila gari kwenda. Watu walikonda kweli. Lakini wengine walipofuka kwa mtoto wa jicho, na wengine walikufa kwa joto la mwili lisilozuilika. Ilipigwa marufuku mwaka 1938.

Wa pili hugusa ubongo. Sibutramini hupunguza hamu ya kula, lakini pia huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Uchunguzi wa wagonjwa wapatao 10,000 waliokuwa na hatari ya maradhi ya moyo ulionyesha kwamba iliwaongezea shtuko la moyo na kiharusi. Ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010.

Wa tatu hugusa utumbo. Olistati huzuia kimeng'enya kisagacho mafuta, hata karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula hutoka na choo. Dawa hii ingali ikitumika. Hata hivyo hupunguza vitamini A, D, E na K mwilini, wala haimfai mjamzito.

Hapa ndipo faida ya cheti inapoonekana. Daktari hupima moyo, damu na dawa nyingine anazotumia mgonjwa kabla ya kuchagua. Mchuuzi hapimi kitu. Tena wachunguzi wa dawa wa Marekani wamegundua mara nyingi sibutramini iliyofichwa ndani ya vidonge na chai zilizoandikwa kuwa ni za mitishamba tupu. Mwenye shinikizo la damu anywaye chai hiyo hajui alichokinywa.

Nchini Tanzania ubora wa dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo mwaka 2019. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa ili yauze dawa za maradhi ya kawaida vijijini, si hizi. Kwa hiyo mkazi wa Isongole aliyeelemewa na uzito aanzie kwa mganga wa kituo cha afya, au hospitali ya wilaya iliyoko Itumba. Njia hiyo ni ndefu kuliko kununua mpakani, lakini ndiyo pekee ambayo mwishoni mwake kuna mtu ajuaye kidonge kitafanya nini katika mwili huo.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: kwa kila dawa tuliyoitaja, waeleze ni sehemu ipi ya mwili inayoguswa, na kwa nini madhara yake yalitokea huko yalikotokea.