Rafiki asiyeonekana si mulozi



Wengi mumeniuliza ile filimu niliyoangalia mu likizo ilikuwa na nini, hata kapita wenu akacheka mpaka machozi. Ninawajibu hapa mara moja kwa wote, juu filimu ile inagusa jambo la mu nyumba zetu za Kasungami.

Kwa Kifaransa inaitwa « Blue & Compagnie », kwa Kiingereza « IF ». Ilitoka mwaka 2024, na aliyeiongoza ni John Krasinski wa Marekani. Msichana mmoja, Bea, wa miaka 12, anakaa kwa nkambo yake ku New York. Mama yake amekwisha kufa, na baba yake yuko ku hospitali anangojea operasyo ya moyo. Pale Bea anaanza kuona marafiki ambao watoto waliwatunga kwa mawazo, halafu wakawasahau walipokuwa wakubwa. Mmoja ni Blue, mnene, mwenye manyoya, na kila saa anapiga chafya. Jina lake ni Bluu lakini rangi yake ni zambarau! Yule mtoto aliyemtunga hakuweza kutofautisha rangi.

Kwanza Bea anawatafutia watoto wapya, lakini haiwezekani. Njo anafikiri: tuwarudishe kwa wenyewe. Yule mtoto wa Blue sasa ni bwana mzima mwenye koti na tai, anatetemeka mbele ya kazi kubwa ya siku ile. Blue anapomkaribia, bwana anatulia. Nkambo wa Bea naye anakumbuka kucheza dansi kama zamani. Maana yake ni hii: rafiki yule alikuwa uhodari wao wenyewe, na uhodari haupotei, unalala tu.

Je, watoto wa kweli wako na marafiki wa namna hii? Ndiyo, na ni wengi. Mwalimu Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alichunguza jambo hili na wenzake. Mwaka 2004 walionyesha kwamba kufikia miaka 7, watoto 65 kwa 100 wamekwisha kuwa na rafiki wa mawazo, tukihesabu pia wanasesere wanaosemeshwa kama watu. Watoto hao si wagonjwa. Wanajizoeza kusema, kugombana, kupatana na kushinda woga. Na karibu wote wanajua ya kuwa ni mchezo.

Sasa turudi kwetu. Mdogo wangu wa miaka 5 iko na rafiki anaitwa Kalulu. Anamwekea fasi ku mkeka, anamkaripia, anamwambia alale. Siku moja jirani akasikia, akamwambia mama: « Uyu mutoto anasema na nani? Paka na balozi. Mumupeleke ku maombi, bamutoshe ile kintu. » Mama akaogopa. Usiku ule hakuna aliyesema mingi. Mimi nikamwita mtoto, nikamuuliza polepole: Kalulu ni nani? Akanishangaa: « Yaya, ile ni mchezo! Kama angekuwa wa kweli, angekula bukari yangu yote. » Nkambo akacheka, akasema: « Hata baba yake alikuwaka na rafiki wa vile. » Mambo yakaisha.

Lakini wapenzi, kwa wengine mambo hayaishi hivyo. Mu inchi yetu watoto wamepigwa, wamenyimwa chakula, wamefukuzwa mpaka kulala barabarani, juu ya neno moja tu: mulozi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka azabu.

Basi, ukisikia mdogo wako anasema peke yake, usikimbie kwa jirani. Keti naye, uliza jina la rafiki yake, sikiliza. Kama mtoto anaogopa, halali au hali, ana shida ingine. Wazazi wamwone munganga. Lakini usimpe jina ambalo hataweza kulivua tena.

Na siku ya mtihani wa Taifa, mukiniona mimi wa mwaka wa sita ninanong'ona peke yangu mbele ya mlango, muniache. Pengine ninamwita wangu.