Je, Wajua? Paka Mzee Anapoletewa Wageni Wachanga

Jirani amekugawia watoto wawili wa paka, nao wanalia ndani ya boksi. Nyumbani yuko paka wako wa siku nyingi, mwenye kiti chake, dirisha lake na saa zake. Anakuja kunusa boksi. Mara mgongo umepinda, manyoya yamesimama, na mdomoni inatoka sauti ya tairi lililopata pancha. "Ana wivu," watu watakwambia. Soma kwanza haya, uone kama ni wivu.

Mstaafu na watoto wa chekechea

Paka wa miaka 12 ana umri unaolingana na wa mtu wa miaka 64. Hesabu wanayoitumia madaktari wa mifugo ni hii: mwaka wa kwanza wa paka ni sawa na 15 ya kwetu, wa pili unaongeza 9, na kila mwaka unaofuata unaongeza 4. Mwenyeji wako, basi, ni mzee aliyekwisha kustaafu, na bila taarifa ameletewa watoto wanaopanda mapazia na kuuwinda mkia wake. Akikasirika, tumwelewe.

Ukoo wa wapweke

Paka wote wa majumbani, wa Tandale kwa wa Tokyo, wametokana na paka-mwitu aitwaye Felis lybica, ambaye hadi leo anawinda usiku Serengeti na Tsavo. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa waliofugwa kwanza walitoka Mashariki ya Kati. Mnyama huyu huwinda peke yake, na ana sababu. Nyati mmoja hulisha familia nzima ya simba, lakini panya mmoja hagawanyiki. Kwa hiyo paka mwingine akitokea mlangoni, damu ya mababu inamwambia mwenyeji jambo moja tu: chakula kinapungua.

Milioni 200 dhidi ya milioni 5

Ndani ya pua ya paka inakadiriwa kuna vipokezi vya harufu milioni 200, na puani mwetu ni kama milioni 5 tu. Sisi tunamtambua mtu kwa sura, paka anamtambua mwenzake kwa harufu. Ndiyo maana wazoefu huwafungia wageni katika chumba chao kwa siku kadhaa, kisha huwabadilishia matandiko: kitambaa cha watoto kwa mzee, cha mzee kwa watoto. Siku watakapoonana uso kwa uso, pua zao zitakuwa zimekwisha kujuana zamani.

Shavu lake ni muhuri

Paka anapokusugua kwa shavu, anakupaka kemikali zinazotoka kwenye tezi za uso wake. Ana tezi nyingine kidevuni, kwenye paji la uso, nyayoni na karibu na shina la mkia. Miaka ya 1990 mtafiti wa Ufaransa, Patrick Pageat, alizichambua kemikali za usoni, na moja ikaigizwa maabara. Leo inauzwa madukani kama kifaa cha kuchomekwa kwenye soketi ili kutuliza paka wenye wasiwasi. Huna hela ya kifaa? Chukua soksi safi, mpanguse mzee mashavu taratibu, kisha uipitishe kwenye miguu ya meza na fremu za milango katika chumba cha wageni.

Kinywa wazi si mshangao

Paka ana kiungo cha pili cha kunusia, nacho kiko juu ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele. Akikutana na harufu nzito ya mwenzake, huinua mdomo wa juu, huacha kinywa wazi nusu na kutulia kama aliyesahau alichotaka kusema. Hapo anaivuta harufu hadi kwenye kiungo hicho. Ukimwona mzee wako akifanya hivyo juu ya kitambaa cha watoto, usimsumbue. Yuko katikati ya kusoma.

Katoka kliniki, kawa mgeni

Paka wawili walioishi pamoja miaka kadhaa wanaweza kufokeana kwa sababu mmoja wao ameshinda kliniki. Amerudi akinuka dawa, glavu na paka wa watu wengine, na harufu ya nyumbani imefutika. Mwenzake aliyebaki anamwona kwa macho, ila pua inamkataa. Ikiwa ndugu wa zamani wanaweza kukanana hivyo, itakuwaje kwa watoto waliofika jana? Baada ya chanjo, wape muda wa kunuka nyumbani tena kabla ya kuwakutanisha na mzee.

Vita vya siku ya kwanza havisahauliki

Karibu nusu ya watu waliomletea paka wao mwenzake mpya waliona makucha na meno mwanzoni kabisa. Ndivyo walivyobaini watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. La kuvutia zaidi: waliopigana kwenye mkutano wa kwanza ndio walioelekea kuendelea kupigana miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo usiwatupe sebuleni "wazoeane wenyewe". Mkutano wa kwanza uwe mfupi, mlango ukiwa wazi upana wa vidole viwili, na bakuli la chakula kitamu kila upande.

Adui anayekaa sakafuni mwaka mzima

Virusi vya panleukopenia, ugonjwa hatari wa paka unaoshambulia utumbo na chembe nyeupe za damu, vinaweza kudumu ndani ya nyumba hadi mwaka mmoja, na sabuni ya kawaida haiviui. Jiki iliyochanganywa na maji huviua. Kwa kawaida dalili hujitokeza ndani ya wiki mbili tangu paka aambukizwe, hivyo kile chumba cha wageni kinafanya kazi mbili kwa kodi moja: kinalinda amani na kinalinda afya. Chanjo za watoto huanza wakiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa mpaka wafikishe wiki 16 au zaidi.

Milo zaidi ya kumi kwa siku

Paka akiachiwa chakula ajipangie mwenyewe, hula kidogo kidogo mara 10 hadi 20 kwa siku moja. Ni ratiba ya mwinda panya: kimoja sasa, kingine baadaye, na kila mara peke yake. Sinia la pamoja, ambalo kwetu ni alama ya undugu, kwa paka ni mtihani. Tenganisha mabakuli, ikiwezekana yasionane. Na chakula cha watoto, chenye nguvu nyingi, kisigeuzwe cha mzee, maana mwili wake hauko tena kwenye kurefuka. Atanenepa tu.

Hesabu ya vyoo: idadi jumlisha moja

Paka watatu wanahitaji masanduku manne ya mchanga. Ndiyo kanuni wanayoipendekeza madaktari wa mifugo, na siri yake iko kwenye ubabe usio na kelele. Paka hahitaji kupigana ili amnyanyase mwenzake. Anajilaza tu katikati ya korido inayokwenda chooni, anajilamba, na aliyebanwa anarudi nyuma kimyakimya kisha anamaliza shida yake nyuma ya kochi. Masanduku manne yaliyopangwa mstari mmoja yanahesabika kama moja, kwa hiyo yasambaze.

Mkia juu, shikamoo

Mkia uliosimama wima ni salamu ya paka, na imethibitishwa kwa vipande vya karatasi. Miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, paka walionyeshwa maumbo meusi yaliyokatwa kwa sura ya paka, moja likiwa na mkia juu na jingine mkia chini. Umbo la mkia juu walilisogelea upesi zaidi, na mara nyingi waliinua na ya kwao. Watoto wa paka humsalimu mama yao hivyohivyo. Siku mzee atakapopita mbele yao na mkia umesimama, hesabu kwamba salamu imeitikiwa.

Kope zinazobembeleza

Ukimfumbia paka macho polepole, huenda naye akakujibu vivyo hivyo. Watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth walionyesha mwaka 2020 kuwa paka hufumba macho nusu zaidi pale mwenye nyumba anapoanza, na kwamba huusogelea zaidi mkono wa mtu asiyemjua ikiwa mtu huyo amempepesea taratibu. Kwa paka, kukodolewa macho ni changamoto ya ugomvi. Basi katika siku hizi za taharuki usimkazie mzee macho ukiwaza atafanya nini. Lainisha kope, ujumbe utafika.

Hasira nyingine ni magoti

Katika picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, zilizochunguzwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, paka 90 walikuwa na dalili za viungo vilivyochakaa. Paka huficha maumivu kwa ustadi, kwa hiyo tunachokiita ukali wa uzee huweza kuwa nyonga inayouma mtoto anaporukia mgongoni. Mpe mzee mahali pa juu ambapo watoto hawafiki, na umwekee kigoda cha kukanyagia ili naye afike bila kuruka. Usimpe kamwe panado wala dawa yoyote ya binadamu. Kidonge kimoja cha panado kinaweza kumuua paka.

Wawili ni nafuu kuliko mmoja

Watoto wawili humchosha mzee kidogo kuliko mtoto mmoja. Michezo ya mieleka hushika kasi kati ya wiki ya 9 na ya 14, na asiye na mwenzake hutafuta mkia uliopo karibu, ambao ni wa mzee. Wakiwa wawili hukabana wao kwa wao. Isitoshe, hufundishana adabu: aking'ata kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukatika, hivyo anajifunza kuzuia meno kabla hajalijaribu sikio la mkubwa.

Miezi minne tu

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne, wakati bado anafukuza kivuli chake, na akazaa baada ya siku 63 hadi 65 hivi. Kaka yake wa tumbo moja hajali undugu. Panga mapema na daktari kuwafunga uzazi, la sivyo mzee aliyekuwa anazoea wageni wawili atajikuta na wageni saba.

Mwalimu asiyejijua

Watoto wa paka hujifunza kwa kutazama, na hilo lilipimwa mwaka 1969. Katika utafiti wa Phyllis Chesler uliotoka kwenye jarida la Science, watoto waliomtazama mama yao akibonyeza kifaa ili apate chakula walijifunza upesi. Waliomtazama jike mgeni walichelewa, na walioachwa wajaribu bila kielelezo hawakufaulu. Huko sebuleni, mzee anatazamwa vivyo hivyo: anapokwenda choo, anaponolea kucha, anapokimbilia mgeni akibisha hodi. Ubaya ni kwamba mtaala ni ule ule hata akidokoa samaki mezani.

Kiti kimoja, zamu mbili

Paka wasiopendana wanaweza kutumia kiti kimoja kwa miaka bila kugombana, kwa sababu wanagawana saa. Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Ujerumani, Paul Leyhausen, alieleza katika karne ya 20 jinsi paka wanavyopita njia zilezile kwa nyakati tofauti ili wasigongane. Sokwe waliopigana huonekana baadaye wakikumbatiana. Kwa paka, desturi iliyo wazi ya kupatana baada ya ugomvi bado haijaonekana. Njia yao ya kutunza amani ni kuepukana. Mzee akilala kitini asubuhi na watoto wakakirithi jioni, usione ni uhusiano ulioshindikana. Ni mkataba.

Miaka 38

Paka aliyeishi miaka mingi kuliko wote katika kumbukumbu za Guinness ni Creme Puff wa Austin, Texas: alizaliwa tarehe 3 Agosti 1967, akafa tarehe 6 Agosti 2005. Miaka 38 na siku tatu! Kwa hesabu ya madaktari tuliyoanza nayo, ni sawa na mtu wa miaka 168. Wako si lazima wafike huko; paka wa ndani anayetunzwa vizuri mara nyingi hupita miaka 12, na kuna wanaogonga 20. Ukilinganisha na umri huo, wiki tatu au nne za milango iliyofungwa, soksi za mashavu na masanduku manne ya mchanga ni bei ya kutupa. Haya, kachukue soksi.