Jeshi Moja au Majeshi Matatu?

Neno jeshi lina mtego kwa mfasiri wa Kenya. Aghalabu hutumiwa kuwataja wanajeshi wote, na papo hapo likawataja askari wa nchi kavu pekee. Kifungu cha 241 cha Katiba ya mwaka 2010 hakina utata huo: Majeshi ya Ulinzi ni matatu, yaani la nchi kavu, la wanahewa na la wanamaji.

Jeshi la nchi kavu ndilo kongwe. Mizizi yake imo katika King's African Rifles, kikosi kilichoundwa na Waingereza mwaka 1902. Kazi yake ni kuitwaa ardhi na kuishikilia. Hapo ndipo linapotofautiana na wanahewa, kwani ndege huweza kupiga shabaha na kuchungulia maficho ya adui, ila haiwezi kukesha mlangoni pa mji. Wanamaji, wenye makao Mtongwe, Mombasa, hulinda bahari na njia za meli. (Walinzi wa pwani, ambao idara yao iliundwa mwaka 2018, si sehemu ya majeshi haya.) Mnamo Septemba 2012, Kismayu ilipotwaliwa, askari walifikishwa ufuoni kwa meli, nao wanahewa wakasaidia kutoka angani, lakini walioingia mjini walikuwa wa nchi kavu, pamoja na wenzao Wasomali.

Mipaka hii ina historia chungu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lililoanzishwa na askari wa wanahewa, jeshi lao lilivunjwa, likaundwa upya chini ya uangalizi wa wenzao wa nchi kavu. Hadi mwaka 1994 liliitwa jina lenye tarakimu 82.

Vyeo navyo humpotosha mfasiri anayetegemea kamusi ya Kiingereza. Uingereza, wanamaji waliongozwa na admirali hadi mwaka 2025. Kenya, huongozwa na meja jenerali, sawa na wanahewa. Kumwita kamanda wa Mtongwe admirali ni kumpa cheo asichonacho.

Tanzania ina mpangilio mwingine. Jeshi la Wananchi, lililoundwa Septemba 1, 1964, ni moja, na matawi yake ni kamandi; wanaoitwa wanahewa Nairobi ni wa anga Dar es Salaam. Hata hivyo, kiongozi wa jeshi hilo moja huitwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, kwa wingi.