Keki iliyoanguka Modena

Zilikuwa zimebaki mbili tu: keki bapa za limau, ukoko mwembamba chini, rojo ya manjano juu. Takahiko Kondo, mpishi kutoka Japani ambaye wenzake humwita Taka, alikuwa akiziandaa zipelekwe mezani katika mgahawa wa Osteria Francescana, mjini Modena, Italia. Moja ikamponyoka. Ukoko ukapasuka, kipande kikabaki kwenye sahani, kingine kikalala kwenye kaunta, na rojo ikatapakaa.

Keki kuanguka si habari. Kilichonikaa kichwani ni yaliyofuata, kama anavyoyasimulia mwenye mgahawa, Massimo Bottura. Anasema Taka alipauka, akawa kama mtu anayetaka kufa. Bottura hakugomba. Aliitazama ile sahani, akamwambia Taka naye aitazame vizuri, kwa kuwa ilikuwa imependeza. Kisha wakaivunja na keki ya pili kwa makusudi ili ifanane na ya kwanza. Wakaipanga ile fujo kwa uangalifu uleule ambao wangeutumia kupanga keki nzima, na sahani zote mbili zikaenda kwa wateja.

Halikuishia hapo. Kosa lile likawa chakula cha kudumu cha mgahawa: ukoko uliovunjwa, rojo ya limau iliyorushwa sahanini, na aiskrimu ya mchaichai. Jina lake kwenye menyu ni ungamo, maana yake “Lo! Nimeangusha keki ya limau”. Bottura akizungumzia kisa hiki husisitiza kwamba katika pilikapilika za kila siku mtu aache upenyo mdogo ili ushairi uweze kuingia. Kwake, kilichovunjika kinaweza kujengwa upya kikawa kizuri kuliko kilivyokuwa. Huyu si mtu anayechukulia kazi kimzaha. Mgahawa alioufungua mwaka 1995 una nyota tatu za Michelin, na umetajwa mara mbili, 2016 na 2018, kuwa bora kuliko yote duniani.

Hata hivyo, mawazo yangu yanarudi kwenye uso wa Taka. Ikiwa bosi wake ni mtu wa namna hiyo, ile hofu aliitoa wapi? Labda aliingia nayo. Majiko makubwa ya Ulaya yamerithi mpangilio wa Auguste Escoffier, Mfaransa aliyeligawa jiko kwa vyeo kama kikosi cha jeshi. Amri hushuka na jibu ni “ndiyo, mpishi”. Mpangilio huo huharakisha chakula. Pia hufundisha watu kuogopa macho ya aliye juu yao kuliko wanavyoogopa kumlisha mteja kitu kibovu.

Hofu hiyo ina gharama. Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza makosa ya kutoa dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye maelewano mazuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume. Maelezo aliyofikia ni kwamba wauguzi wa timu hizo hawakuwa wakikosea zaidi; walikuwa huru zaidi kuyasema makosa yao. Kwingine yalifichwa.

Lipeleke hilo jikoni. Mhudumu ameandika oda ya meza namba sita kwenye meza namba tisa. Akisema papo hapo, mpishi atabadilisha mpangilio na mwenzake atamwomba mteja radhi. Akinyamaza, wote watagundua pamoja, mteja akiwa amekwisha kukasirika, na jiko na ukumbi vitaanza kurushiana lawama. Kama ni mchuzi wenye karanga uliokwenda kwa mtu ambaye karanga humdhuru, ukimya huo unaweza kuua. Tunapenda kusema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini linalofichwa ndilo linalorudiwa, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kujifunza kwalo.

Kwetu ukimya huo mara nyingi hununuliwa kwa makato: sahani ikivunjika, mshahara unakatwa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata tu. Inataka mfanyakazi akubali kwa maandishi, aelezwe kwa maandishi chanzo cha hasara na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ni wahudumu wangapi wanaijua haki hiyo? Na anayeijua, atathubutu kuidai wakati kuna watu mlangoni wanaotafuta kazi yake?

Bottura aliweza kuugeuza uharibifu kuwa sanaa. Mama lishe ambaye sufuria ya leo ndiyo mtaji wa kesho hawezi kuuza wali ulioungua kwa jina la ushairi. Hasara yake ni ya kweli, na sijui nani anapaswa kumsaidia kuibeba. Ninachokiamini ni kwamba anayelipwa kidogo kuliko wote asiwe wa kwanza kutozwa, na kwamba swali la kwanza baada ya ajali liwe “turekebishe vipi?”, ndipo lije la “nani kafanya?”. Hilo hata mwenye sufuria moja analimudu.