Wanaohama Kufuata Jua

Baiskeli yako yakupeleka shambani na Misani. Huko Marekani wako watu wanaohama kwao penye theluji ili tu wapande baiskeli majabalini kwa furaha. Wengi huenda Moab, mji mdogo wa Utah, penye miamba myekundu na jua jingi. Mwezi wa Julai laweza kumwua asiyechukua maji!

Zamani wenyeji waliishi kwa urani. Kinu chake kilifungwa mwaka 1984, kazi zikaisha. Wenye baiskeli walipofika, fedha ikarudi. Lakini nyumba nazo zimepanda bei mno. Mpishi anayewalisha wageni hao hapati chumba cha kupanga, na wafanyakazi wengine hulala ndani ya motokaa zao.