Kabla ya kununua mashine, geuza kilowati kuwa ampea
Na Mwandishi Wetu, Moshi

MASHINE ya kusaga huuzwa kwa kilowati au hosipawa. Breka huuzwa kwa ampea. Waya huuzwa kwa milimita za mraba. Mjasiriamali anayetoka SACCOS na mkopo wake kwenda dukani hukutana na vipimo hivyo vitatu kwa siku moja, na mara nyingi hakuna anayemweleza vinavyohusiana. Matokeo yake ni mota kuungua kabla marejesho ya mkopo hayajafika nusu.

Katika Mkoa wa Kilimanjaro tatizo hili linawagusa watu wengi. Himo na Kiboriloni kuna mashine za kusaga mahindi, na za kusaga ulezi wa mbege. Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, mpunga unahitaji kukobolewa. Kibosho, Machame na Marangu kuna mashine za kumenya kahawa mbivu, na wafugaji wa ng'ombe wa ndani wanatumia mashine za kukatakata majani. Wote hao wanaendesha mota, na mota haina huruma kwa aliyekosea hesabu.

Mfano wa mfongo

Mkulima wa mlimani anaweza kuelewa umeme kupitia mfongo, ule mfereji wa asili unaoshusha maji kutoka msituni hadi kihambani. Volti ni kama mteremko unaosukuma maji. Ampea ni wingi wa maji yanayopita kwa wakati mmoja. Kilowati ni kazi inayofanyika maji yakifika. Waya ni mfereji wenyewe: ukiwa mwembamba kuliko maji yanayopita, kingo zitabomoka. Tofauti ni kwamba kwenye umeme "kingo kubomoka" maana yake ni plastiki ya waya kuyeyuka na moto kuanza.

Kwa hiyo kilowati pekee hazitoshi kukuambia ununue waya na breka gani. Kinachopasha waya joto ni ampea, na ni lazima uzijue kwanza.

Hesabu yenyewe

Tanzania hutumia umeme wa volti 230 kwa njia moja na volti 400 kwa njia tatu. Kwa vifaa vya kuzalisha joto, kama hita, hesabu ya njia moja ni rahisi: chukua wati, gawanya kwa 230. Hita ya wati 3,000 inavuta ampea 13. Ndiyo maana plagi ya pini tatu tunayoitumia majumbani huwekewa fyuzi isiyozidi ampea 13.

Mota inahitaji hatua mbili zaidi. Kwanza, kilowati zilizoandikwa kwenye kibati chake ni za kazi inayotoka kwenye shafti, siyo umeme unaoingia. Mota hupoteza sehemu ya umeme kama joto, hivyo ni lazima ugawanye pia kwa ufanisi wake. Pili, kuna namba inayoandikwa "cos φ", ambayo kwa mota nyingi zikiwa na mzigo kamili huwa kati ya 0.8 na 0.9. Nayo hugawanywa.

Tuchukue mota ya njia moja ya kilowati 2.2, yaani hosipawa 3, yenye ufanisi wa 0.8 na cos φ ya 0.85. Zidisha 230 kwa 0.8 kwa 0.85, upate 156.4. Gawanya wati 2,200 kwa namba hiyo. Jibu ni ampea 14.

Kwa njia tatu, volti 400 huzidishwa kwanza kwa 1.732. Mota ya kusagia ya kilowati 7.5, yaani hosipawa 10, yenye ufanisi wa 0.87 na cos φ ya 0.85, itavuta ampea 14.6 katika kila waya. Kama mota ya ukubwa na ufanisi huo ingeendeshwa kwa njia moja, ingevuta ampea 44. Kazi ni ileile, lakini kwenye njia tatu mzigo unagawanywa kwenye nyaya tatu. Hii ndiyo sababu kubwa ya mashine za biashara kuhitaji njia tatu.

Kwa anayetaka makadirio ya haraka akiwa dukani: mota ya njia tatu huvuta karibu ampea 2 kwa kila kilowati, na ya njia moja huvuta ampea 6 hadi 7. Hosipawa moja ni wati 746. Makadirio haya ni ya kupangia bajeti tu. Namba ya mwisho ni ile ya ampea iliyopigwa kwenye kibati cha mota.

Mlimani volti hushuka

Hesabu hiyo inachukulia kwamba volti 400 zinafika kweli. Kwenye vihamba, ambako nyumba zimetawanyika na transfoma inaweza kuwa mbali, hilo si jambo la kuliamini bila kupima, hasa jioni watu wengi wanapotumia umeme.

Volti zikishuka, mota yenye mzigo uleule haivuti ampea chache, bali huvuta nyingi zaidi. Ile mota ya kilowati 7.5 ikipata volti 340 badala ya 400, ampea zake hupanda kutoka 14.6 hadi karibu 17. Joto ndani ya nyaya huongezeka kwa mraba wa ampea, hivyo ongezeko hilo dogo huleta karibu asilimia 40 ya joto zaidi. Msagaji anaona mashine inazunguka na unga unatoka, kumbe varnishi ya koili inaungua taratibu.

Waya wako mwenyewe nao hula volti. Mita 100 za waya wa shaba wa milimita 2.5, kwa mota hiyo ya njia tatu, hupunguza takriban volti 22. Waya wa milimita 4 hupunguza takriban 14, na wa milimita 10 chini ya 6. Kwa hiyo anayejenga banda la mashine mbali na mita yake asione fedha ya waya mnene imepotea. Inalinda mota kila siku.

Ikumbukwe pia kwamba mota inapowashwa moja kwa moja huvuta ampea mara 6 hadi 7 ya kawaida kwa sekunde chache. Breka ya nyumbani inaweza kujizima kila mara, na anayeitatua kwa kuweka breka kubwa kuliko uwezo wa waya ameondoa mlinzi na kumwachia mwizi mlango. Dawa yake ni breka iliyotengenezwa kwa ajili ya mota, na staata ya nyota-delta kwa mota kubwa zinazoruhusu, ambayo hupunguza mvuto wa kuwasha hadi theluthi moja.

Soma kibati kabla ya kulipa

Mashine nyingi kutoka China huandikwa volti 380 na mzunguko wa 50, na hizo kwa kawaida zinafanya kazi hapa. Tahadhari iwe kwa mitumba. Japani hutumia volti 100 majumbani na 200 kwa mota za njia tatu, na upande wa Osaka mzunguko wake ni 60. Mota ya volti 200 huvuta ampea maradufu kwa kazi ileile, na ukiiunganisha kwenye volti 400 itaungua mara moja.

Kwenye kibati cha mota ndogo unaweza kukuta "220/380 V" na "11/6.4 A". Hizo si namba za kuchagua upendavyo. Kwenye umeme wetu wa njia tatu mota hiyo hufungwa kwa nyota, na ampea zake ni 6.4. Fundi akiifunga kwa delta, koili zilizotengenezwa kwa volti 220 zitapewa 400. Mota iliyoandikwa "380/660 V" ndiyo inayofungwa delta.

Kifaa cha kulinda mota dhidi ya mzigo uliozidi kirekebishwe kulingana na ampea za kibati. Ongeza na kifaa cha kukata umeme njia moja inapopotea. Hilo likitokea mota inaweza kuendelea kuzunguka kwa njia mbili zilizobaki, huku kila moja ikivuta zaidi ya mara moja na nusu ya kawaida, na dakika chache zinatosha kuiharibu.

Anayetegemea jenereta naye apige hesabu. Mota ya ampea 14.6 kwa volti 400 inahitaji karibu kVA 10 ikiwa inaendelea kuzunguka, lakini kwa sababu ya mvuto wa kuwasha, jenereta ya kVA 10 haitaiamsha. Inahitajika yenye uwezo wa maradufu au zaidi.

Hesabu hizi hazitofautiani na za viwanda vikubwa. Kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, ambacho huzalisha umeme wake kwa makapi ya miwa, kinafuata kanuni zilezile. Kinachozidi ni ukubwa wa namba.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mashine, andika kwenye karatasi kilowati, volti, ampea na mzunguko wake. Uliza TANESCO kama njia tatu imefika kitongojini kwako, kwa sababu si kila penye nguzo pana njia tatu. Pima umbali kutoka kwenye mita hadi banda. Kisha mpe karatasi hiyo fundi mwenye leseni ya EWURA akuchagulie waya na breka, na gharama zake uziingize kwenye ombi la mkopo tangu mwanzo. Mota ikiungua msimu wa mavuno, wateja watabeba madebe yao hadi kwa jirani, na siku ya marejesho SACCOS haitauliza volti zilikuwa ngapi.